Mtoto wa Miaka Minne

Mama Mdogo hapendi kuulizwa habari za mguu wake. Ukimwuliza, atakujibu kwa habari nyingine: bei ya usipa, au mvua, au jinsi marehemu bibi alivyokuwa hodari wa kusonga ugali wa muhogo bila donge hata moja. Lakini mguu wenyewe hausubiri kuulizwa. Ule wa kushoto umekonda kama mpini wa jembe, na kila akipiga hatua huusukuma kwa kiganja hapo gotini, kama mtu anayefunga mlango usioshika komeo. Utotoni nilidhani kila mama mdogo duniani hutembea hivyo.

Nilikuwa darasa la sita nilipoambiwa kuwa ni polio. Mwaka 1979, akiwa na miaka mitatu, aliamka na homa. Siku ya pili wakamsimamisha, akaanguka. Wakamsimamisha tena, akaanguka tena, na bibi akampiga kofi akidhani anadeka. Hilo kofi bibi hakulisahau mpaka anaingia kaburini. Mpango wa taifa wa chanjo ulikuwa umeshaanza, tangu 1975, lakini kitu kuanza Dar es Salaam na kitu hichohicho kufika kwetu ni habari mbili. Sisi ni watu wa ufukweni, Ziwa Nyasa, kati ya Mbamba Bay na Liuli. Siku hizo tulikuwa bado chini ya Mbinga (Wilaya ya Nyasa ilikuja kukatwa mwaka 2012), na kwenda Mbinga ilikuwa kupanda milima ya Umatengo, jua linakuacha njiani. Chanjo ilipotufikia, Mama Mdogo alikuwa ameshachelewa.

Nayaeleza haya mapema, ndugu msomaji, ili usije ukaniona mtu wa ajabu kwa jambo nililolifanya.

Mwezi Februari 2022 dada yangu alituletea mtoto. Nasema alituletea, kumbe yeye mwenyewe hakufika. Mtoto alishushwa kwenye boti na mchuuzi wa dagaa, na mfuko wa plastiki wenye kaptura mbili, pamoja na salamu. Dada alikuwa ameolewa na mvuvi, na mvuvi wake hakuwa mtu wa kukaa. Leo wapo dagoni upande wetu, kesho wamevuka kusini kwenye maji ya Msumbiji, mwezi ujao unasikia wameonekana Likoma, kisiwani kwa Wamalawi. Mtoto alizaliwa Juni 2016 katika dago mojawapo, juu ya mkeka, mkunga akiwa mke wa mvuvi mwingine.

Mama Mdogo alimvua shati ili amwogeshe. Akalipapasa bega la kulia. Akamgeuza, akalipapasa na la kushoto.

"We mtoto, kovu lako liko wapi?"

"Kovu gani, bibi?"

Kila mtoto wa kwetu aliyepita kliniki ana kovu dogo begani, la sindano ya kifua kikuu anayochomwa akiwa mchanga. Huyu bega lake lilikuwa laini kama kokoto ya ziwani. Tukautikisa mfuko wa plastiki, tukageuza mifuko ya kaptura. Kadi ya kliniki haikuwemo. Nikampigia dada simu siku tatu mfululizo, na aliponipata yeye kutoka namba ya mtu alisema tu, "Kaka, kliniki gani ziwani?" Salio likaisha.

Wakati huohuo redio ikaleta habari. Tarehe 17 Februari Malawi ilitangaza kuwa mtoto wa miaka mitatu huko Lilongwe amepooza kwa polio. Alikuwa ameanza kupooza tangu Novemba 2021. Bara letu lilishatangazwa mwezi Agosti 2020 kuwa halina tena kirusi cha asili cha polio, na huku kwetu Tanzania mgonjwa wa mwisho alikuwa wa mwaka 1996. Wataalamu walipokichunguza kirusi cha Lilongwe walikuta kinafanana na vile vya Pakistani.

"Kimekuja na ndege?" Mama Mdogo akauliza.

"Kimekuja na mtu," nikasema.

"Basi na kwetu kitakuja na mtu."

Hapo sikuwa na la kujibu. Yeyote aliyekaa ufukweni kwetu anajua. Asubuhi boti zinatoka Malawi, jioni zinarudi, na hakuna anayeuliza pasi ya kununulia nyanya. Serikali zetu mbili zina ubishi wa mpaka unaotokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890. Wao wanasema mstari unapita ukingoni mwa ufukwe wetu, sisi tunasema unapita katikati ya maji. Huo mstari usipa hawajauona. Na polio husafiri kwa njia ya choo na maji, na sisi ni watu ambao maji ya kunywa, ya kuogea na ya kuoshea vyombo tunayachota pamoja. Katika watu 200 wanaoambukizwa, pengine mmoja tu ndiye hupooza. Wengine wanatembea nayo, wanacheka nayo, wanaipeleka.

Serikali haikulala, lazima niseme. Ikatangazwa kampeni ya matone kwa mikoa minne inayopakana na Malawi au iliyo jirani nayo: Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma yetu, kuanzia tarehe 24 hadi 27 Machi. Nyumba kwa nyumba, bure, watoto wote walio chini ya miaka mitano.

Chini ya miaka mitano. Nikahesabu kwa vidole kama mwanafunzi wa chekechea. Juni 2016 mpaka Machi 2022. Miaka mitano na miezi tisa.

Walifika kwetu Ijumaa, siku ya pili. Walikuwa watatu: dada mmoja wa afya mwenye kisanduku cha baridi begani, kijana wa kuandika, na Mzee Mjumbe wa kuwaonyesha njia na kuwatuliza mbwa. Nyumba ya jirani walikuta watoto wawili wameyeyuka. Mama yao alikuwa amewapeleka kwenye shamba la muhogo tangu alfajiri, maana yalikuwa maneno ya wakati wa korona bado yanazunguka: kwamba chanjo inaua uzazi, kwamba wazungu wana lao. Mjumbe akaenda kuwaita kwa jina mojamoja, wala muhogo haukujibu. Hali kwetu ilikuwa kinyume. Mama Mdogo alikuwa amemsafisha mtoto uso, amemvalisha kaptura iliyo na afadhali, amemkalisha kwenye kigoda mlangoni na mdomo wazi kabla hata hajaambiwa.

"Ana miaka mingapi?" yule dada akauliza.

Nikasema kweli. Nilisema kweli, na ninaomba hilo liandikwe mahali.

"Huyu kazidi," akasema, akafunga kisanduku.

"Hajawahi kupata hata tone," nikasema. "Amezaliwa dagoni. Hana kadi, hana kovu. Angalia bega."

Hakuangalia bega. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, viatu vimejaa mchanga, na ana nyumba za kumaliza. "Kaka yangu, mimi nina fomu hapa. Ina safu ya walio chini ya mwaka mmoja, na safu ya mwaka mmoja mpaka miezi hamsini na tisa. Nimwandike wapi? Jioni wanahesabu vichupa, wanahesabu na mistari. Visipolingana naulizwa mimi."

Mama Mdogo hakusema neno. Aliinuka. Kwa kawaida, wageni wakiwapo, huinuka kwa kujiegemeza ukutani ili wasione. Siku ile alikuja mpaka katikati ya ua, akiusukuma mguu kwa kiganja, hatua kwa hatua, akasimama mbele ya yule dada wa afya. Kijana wa kuandika akainamisha macho.

"Shikamoo, mama," dada akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Hii ilikuja nina miaka mitatu. Haikuniuliza safu."

Kukawa kimya. Kisha dada akasema, "Pole, mama. Kweli pole. Lakini huyu kazidi." Wakachora alama ya chaki kwenye fremu ya mlango, kuonyesha kwamba nyumba imefikiwa, wakaenda.

Alama ile ilinikera mno. Nyumba imefikiwa! Usiku sikulala. Nilikuwa nikifikiri hivi, na mpaka leo sijaona kosa katika fikra ile: mstari wa miaka mitano umewekwa kwa sababu polio hupenda watoto wadogo, na walio juu ya hapo wengi wameshapata matone yao wakiwa wachanga. Sawa. Lakini yule aliyekosa akiwa mchanga ndiye huyohuyo anayeukuta mstari ameshauvuka. Anayeachwa mara ya kwanza, mstari unamwacha mara ya pili, na mara hii kwa halali kabisa.

Jumapili, siku ya mwisho, nikamchukua mtoto kwa bodaboda mpaka Mbamba Bay. Nilimwambia Mama Mdogo naenda kutafuta nyuzi za nyavu. Sokoni karibu na boti zinapotia nanga palikuwa na timu nyingine, meza moja chini ya mwembe, na foleni ya akina mama na watoto mgongoni. Hakuna aliyenijua. Sikujipanga. Nilimnunulia mtoto muwa, tukakaa kwenye gogo, tukangoja.

Ulizuka mgogoro mdogo moyoni mwangu, na ndio ulionikalisha pale gogoni. Kichupa kimoja cha matone kinatosha watoto ishirini. Je, nikimpa huyu tone la udanganyifu, kuna mtoto halali atakayefika jioni akute hamna? Basi nikaamua tutangoja mpaka foleni iishe. Kama kitabaki kitu, sawa. Kama hakitabaki, tutarudi na muwa wetu. Nilijiona mtu wa haki sana kwa uamuzi huo. Mwizi anayengoja wenye mali washibe kwanza.

Muda wa kungoja nikamfundisha. "Ukiulizwa miaka, sema minne."

"Lakini mimi nina mitano, mjomba. Mama alisema."

"Leo una minne."

"Na kesho?"

"Kula muwa."

Yapata saa kumi hapakuwa na mtu. Tukasogea. Nesi wa meza ile alikuwa mama wa makamo, kitenge kiunoni juu ya nguo nyeupe. Alitoa kichupa kwenye kisanduku, akakiinua kwenye mwanga. Kichupa kina duara dogo lenye mraba mweupe ndani yake. Mraba ukigeuka rangi kwa joto na kufanana na duara, chanjo imeshakufa. Ulikuwa bado mweupe.

"Wa miaka mingapi?"

"Minne," nikasema.

Mtoto akaniangalia. Nesi akamwangalia mtoto, kisha mimi. "Fungua mdomo, baba."

Mtoto akafungua. Hapo ndipo nilipokumbuka. Wiki moja kabla, meno yake mawili ya mbele, ya chini, yalikuwa yameng'oka. Tuliyarusha juu ya bati wenyewe, tukicheka. Pale penye pengo lile palionekana weupe wa jino la ukubwani likichungulia, lenye meno kama ya msumeno. Mtoto wa miaka minne! Nesi alikodoa macho ndani ya ule mdomo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutafuta mahali pa kudondoshea matone. Nikasikia masikio yangu yanapata moto.

"Mkubwa kweli, wa miaka minne," akasema.

Akadondosha. Moja. Mbili. Akashika kidole kidogo cha mkono wa kushoto, akapaka wino kwenye ukucha. Akachukua fomu na kuchora mstari mmoja katika safu ya pili, mstari mfupi wa kalamu, sawasawa na wenzake wote. Hakuniangalia tena. "Mwisho," akamwambia msaidizi wake, "funga."

Njiani kurudi mtoto aliinua kidole juu kama bendera. Mama Mdogo alipokiona kile kidole hakuuliza nyuzi za nyavu ziko wapi. Alimpakulia samaki mzima, mbasa, peke yake.

Ningependa hadithi iishie kwenye ule mbasa. Lakini tone la siku moja halitoshi, hilo nilikuwa nalijua, na njia ya mwongo ni fupi. Mwezi Mei kampeni ilirudi, safari hii nchi nzima, tarehe 18 hadi 21. Timu iliyokuja kwetu ilikuwa ileile: yule dada, yule kijana, Mzee Mjumbe. Kabla sijatoka ndani, mtoto alikuwa ameshawapokea uani, mdomo wazi, kidole cha kushoto kimenyooshwa.

"Mimi nina miaka minne!" akapaza sauti.

Mzee Mjumbe akacheka mpaka akakohoa. Yule dada hakucheka. "Mwezi wa tatu alikuwa na mitano na miezi tisa," akaniambia. "Kaka, watoto wenu wanarudi nyuma?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Si kwa ajili yake. Kwa ajili ya mtoto, aliyekuwa anatuangalia mmoja mmoja kutafuta ni nani kati yetu aliyemkosea. Alikuwa amesema alivyofundishwa. Walipoondoka alifunga mdomo wake na hakuufungua mpaka usiku, hata kwa chakula.

Wiki tatu baadaye nilipanda Mbinga. Siku hizi kuna lami, kilometa 66, unatoka kwenye joto la ziwa na shati moja na unafika juu unatafuta sweta. Kahawa ilikuwa imeshaanza kuvunwa, na kwenye miteremko Wamatengo wameyachimba mashimo yao ya ngoro, moja baada ya jingine, kama sega la nyuki. Nilikuwa na shida zangu nyingine, lakini kubwa ilikuwa hii. Nikaingia katika kituo kimoja cha afya, nikangoja na wagonjwa, nikamweleza mganga yote. Nasema yote. Hata meno.

Alinisikiliza huku akizungusha kalamu. Akaniuliza swali moja tu: "Zahanati ya kwenu uliwahi kumpeleka?"

Sikuwahi. Ajabu, lakini sikuwahi. Nilisikia "chini ya miaka mitano" redioni, nikaamini ni sheria ya mlango wa kila nyumba.

"Kampeni ni kitu kimoja," akasema. "Wale wanatumwa na hesabu, siku nne, lazima wamalize. Hawawezi kubishana na kila mtu uani. Lakini mtoto aliyekosa kabisa chanjo si mambo ya kampeni. Mpeleke siku ya kliniki, mapema, umwambie nesi ukweli. Afunguliwe kadi. Matone hayamdhuru kwa sababu ana miaka sita. Atakayemfungia mlango mwambie anipigie." Akaniandikia namba kwenye kipande cha karatasi. Sikuhitaji kukitumia, lakini nilikitunza.

Siku ya kliniki ilikuwa Jumanne, mwanzoni mwa Julai. Nilikuwa mwanamume peke yangu kwenye benchi, na mtoto wangu alikuwa mkubwa kuliko wote, miguu inagusa chini. Mama mmoja akaniuliza kama nimekosea siku. Zamu yetu ilipofika, nikamwambia nesi tarehe halisi: Juni 2016. Akanyanyua kichwa. Nikaeleza dago, begani, kadi. Akasikiliza. Kisha akavuta kadi mpya, akaanza kuandika, na hapo akauliza lile swali ambalo nilikuwa nimesahau kwamba litaulizwa.

"Hajawahi kupata tone lolote?"

Nikasita. "Alipata. Mara moja. Machi, kwenye kampeni. Mbamba Bay."

"Kampeni ilikuwa chini ya mitano."

"Ndiyo."

"Sasa alipataje?"

"Nilisema ana minne."

Aliiweka kalamu mezani. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari, matusi ningeyabeba. Badala yake akasema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto hesabu za kutoa: "Hiyo siwezi kuiandika hapa. Hiyo iliandikwa kwa mtoto mwingine."

"Mtoto gani?"

"Huyo wa miaka minne. Tunaanza moja."

Akaandika tarehe ya siku ile kwenye mstari wa kwanza. Mtoto akafungua mdomo kwa shaka, akinitazama mimi kwanza. Moja. Mbili. Tukarudi Agosti, tukarudi Septemba, kila baada ya wiki nne, na kadi ikajaa mistari yake mitatu ya polio na mingine ya surua. Sindano ya polio, ile yenye aina zote tatu, hakupata. Hiyo ilianza kutolewa nchini mwaka 2018, tena kwa wachanga wa miezi mitatu na nusu, yeye akiwa ameshakimbia na nyavu huko dagoni.

Yule mtoto wa miaka minne amenikaa kichwani. Jumapili ile ya Mbamba Bay alihesabiwa. Mstari wake ulijumlishwa na mistari ya soko, ya wilaya, ya mkoa, ukapanda mpaka kwenye ile hesabu waliyoitangaza kwa furaha. Mahali fulani katika hesabu za serikali tunaye mtoto ambaye hakuzaliwa, aliyepata matone, na wa kwetu halisi alikuwa bado sifuri mpaka Julai. Nimejaribu kumwonea haya, nikashindwa. Mwili wa huyu halisi ulimeza yale matone, na mwili hausomi fomu. Lakini pia siwezi kusema nilifanya vema, kwa sababu kama watu mia wangefanya kama mimi, nani angejua ni wangapi hawajafikiwa? Wale waliojificha kwenye muhogo na mimi niliyejipitisha sokoni, sote wawili tuliiharibu hesabu, kila mtu kwa mwelekeo wake.

Januari 2023 tulimpeleka shule, darasa la kwanza. Mwalimu akamwambia apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili, kama tulivyopimwa sisi na baba zetu. Akagusa vizuri. Mwalimu akainama.

"Una miaka mingapi?"

Mtoto akafikiri. Akauliza, "Ya shule au ya matone?"

Nikatoa kadi haraka sana.

Sasa hii ya mwisho. Septemba 2023 tulikuwa tumekaa uani jioni, Mama Mdogo na redio yake. Ikatangazwa kampeni nyingine ya matone. Mgonjwa alikuwa ameonekana mkoa wa Rukwa, na safari hii si kile kirusi cha asili bali cha aina ya pili, kinachotokana na chanjo yenyewe ya matone inapozunguka muda mrefu mahali penye watoto wengi wasiochanjwa. Matone yangetolewa katika mikoa sita: Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Mbeya na Songwe. Kisha mtangazaji akasema, kwa watoto walio chini ya miaka minane.

Mama Mdogo akapunguza sauti. "Amesema minane?"

"Minane."

Nikamweleza kama nilivyoelewa. Mwezi Aprili 2016 dunia nzima iliacha matone ya zamani ya aina tatu ikachukua ya aina mbili, kwa kuwa ile aina ya pili ya asili ilishakwisha. Basi waliozaliwa baada ya hapo, matone yao hayana kinga ya aina hiyo. Ndiyo maana mstari umesogezwa, uwafikie. Wa kwetu amezaliwa Juni 2016. Miezi miwili baada ya hapo. Alikuwa na miaka saba na miezi mitatu.

"Kwa hiyo yumo," akasema.

"Angekuwemo. Ruvuma haimo kwenye mikoa hiyo."

Akanyamaza. Mtoto alikuwa ufukweni anafukuza kunguru kwenye chanja za usipa, anakimbia na kurudi, anakimbia na kurudi.

"Angekuwa Mbeya?"

"Angepata."

"Bila kudanganya?"

"Bila kudanganya, Mama Mdogo."

Akaongeza sauti ya redio, lakini tangazo lilikuwa limekwisha, wamerudi kwenye muziki. Akajiegemeza ukutani, akainuka, akauweka mkono gotini, akashuka taratibu kwenda kuwageuza samaki kabla giza halijaingia.